Jirani Zetu wa Mwituni: Ndege Mdogo Mwenye Mdomo Mrefu

Mwezi uliopita tulisimulia habari za mbega, na wengi wenu mlitupa shukrani, maana mbega hana haja ya kutafutwa: hukaa juu ya tawi waziwazi, amevaa joho lake jeusi lenye mapindo meupe, mithili ya mzee aliyeitwa barazani. Mwezi huu twapenda kunena habari za jirani mwingine wa milima ya Usambara, ambaye hana joho, wala pembe, wala nguvu, na ambaye mtu aweza kuishi karibu naye miaka 40 asipate kumwona hata mara moja. Wahenga walisema, Asiyekujua hakuthamini. Basi shabaha yetu ni kumjulisha kwenu, ili apate kuthaminiwa.

Jina lake katika vitabu vya elimu ya ndege ni Artisornis moreaui. Jina hilo lafaa vitabuni, lakini ni zito kinywani mwa mtoto. Kwa hiyo katika ukurasa huu tutamwita mdomo-mrefu, kwa sababu mtakayoiona sasa hivi.

Umbo lake na sauti yake

Mdomo-mrefu ni ndege mdogo sana. Ukimpima tangu ncha ya mdomo hata mwisho wa mkia, hupati zaidi ya sentimeta 12 au 13, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mdomo na mkia tu; mwili wenyewe waweza kufumbatwa katika kiganja cha mtoto. Rangi yake ni ya majivu, mgongoni imekoza kidogo, tumboni imepauka. Hang'ai kama chozi, yule ndege anyonyaye maua, wala hana kilemba kichwani. Jambo linalomtofautisha na ndege wengine wadogo wa kijivu ni ule mdomo wake, mwembamba, ulionyooka, mrefu kupita kadiri ya kichwa chake. Ukimwona wadhani ni mtoto aliyepewa ashike sindano ya kushonea magunia. Mkia nao ni mrefu na mwembamba, naye hupenda kuusimamisha juu arukapo kutoka kijiti hata kijiti.

Mdomo huo si pambo. Chakula chake ni wadudu, naye huwatafuta katikati ya majani na nyuzi za mimea itambaayo iliyosongamana. Katika msongamano wa namna hiyo hakuna nafasi ya kuruka kwa mabawa na kukamata inzi hewani, kama wafanyavyo ndege wengine. Hapo hufaa mwenye mwili mdogo wa kupenya, na chombo chembamba cha kuchokolea. Ndiyo sababu tumesema kwamba ndege huyu na kichaka chake ni kama ufunguo na kufuli: ukiona umbo la mmoja waweza kukisia umbo la mwenziwe.

Lakini lililo la ajabu ni sauti yake. Mwili ule mdogo hutoa mlio mkali, safi, unaorudiwa mara nyingi bila kubadilika, nao husikiwa mbali kuliko utakavyodhani. Atafutaye mdomo-mrefu hamtafuti kwa macho kwanza. Husimama kando ya kichaka, hunyamaza, hutega masikio. Na akishapata sauti ndipo hungoja kuona jani likitikisika pasipo upepo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mtaka cha kichakani sharti anyamaze.

Jinsi alivyojulikana

Wengi wenu mwajua Amani, mahali pale juu ya milima ya Usambara ya Mashariki, upande wa juu wa Muheza, katika mwinuko wa karibu mita 900 juu ya bahari. Mwaka 1902 Wadachi walianzisha huko chuo cha uchunguzi wa mimea na kilimo, wakapanda miti ya kila nchi. Baada ya Vita ya Kwanza Waingereza waliirithi kazi ile. Mwaka 1928 alifika hapo bwana mmoja jina lake Reginald Moreau, pamoja na mkewe Winifred. Hakuletwa kwa ajili ya ndege. Alikuwa mtu wa hesabu. Aliwahi kufanya kazi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi, kisha akaenda Misri kwa sababu ya ugonjwa wa viungo, na huko jangwani ndiko alikojifunza kuwatazama ndege, bila mwalimu. Pale Amani alitunza hesabu na vitabu vya chuo, na saa zake nyingine zote akazitoa kwa ndege wa mwitu.

Mwaka 1930 ndipo mdomo-mrefu alipopatikana Amani, na mwaka 1931 mtaalamu wa London aitwaye William Sclater alitangaza habari zake kwa wenye elimu na kumpa jina la Moreau. Bi. Winifred naye hakusahauliwa: ndege mwingine mdogo wa mwituni, wa milima ya Uluguru, alipewa jina lake mwaka 1938.

Hata hivyo yafaa tukumbuke jambo moja ambalo halimo katika majina hayo. Bwana Moreau hakuifanya kazi yake peke yake. Alikuwa na wasaidizi wenyeji, miongoni mwao Salimu Asmani, waliojua njia za mwitu na milio ya ndege. Tena aliwaajiri watu wakae karibu na viota kutwa nzima, wakihesabu ni mara ngapi mzazi huleta chakula, na kwa muda gani huatamia mayai kabla ya kuondoka. Kazi hiyo ya kukaa na kutazama, ambayo wengine wangeiita uvivu, ilileta maarifa ambayo hayajapata kuandikwa kabla ya hapo juu ya ndege wengi wa Afrika. Watoto wetu wakiambiwa kwamba elimu ya viumbe ililetwa na wageni kutoka ng'ambo, na waambiwe pia habari za watu wale waliokaa chini ya viota wakihesabu.

Kisha ndege huyu akawa kama aliyepotea. Miaka mingi ilipita ambayo alionekana kwa nadra sana, wala vitabu havikuweza kuongeza mengi juu ya yale yaliyoandikwa kwanza. Lakini mwaka 1945 habari ya kushangaza ilitoka upande mwingine kabisa. Constantine Benson, aliyekuwa akifanya kazi Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, alikuwa na mkusanyaji wa ndege hodari sana jina lake Jali Makawa. Kwa kazi ya watu hao wawili, mdomo-mrefu alipatikana juu ya mlima wa Njesi, kaskazini mwa Msumbiji, karibu na Ziwa Nyasa. Tangu Amani hata Njesi, kama ndege arukavyo, ni zaidi ya kilometa 900. Na mdomo-mrefu harukii hata ng'ambo ya bonde! Huyu Jali Makawa, ili msimsahau, naye alipewa heshima mwaka 1965, wakati ndege mmoja mdogo wa Zambia alipoitwa kwa jina lake.

Baada ya mwaka 1945 hakuna aliyeleta tena habari za mdomo-mrefu kutoka Njesi muda wa miaka zaidi ya 50. Ndipo mwaka 2001 wachunguzi walipopanda mlima ule, ambao ramani za sasa huuita Serra Jeci, wakaisikia ile sauti mwituni, naye yupo bado. Nchi hizo mbili, yaani Usambara ya Mashariki na mlima ule wa Msumbiji, ndizo makao yake yote anayojulikana kuwako duniani. Wenye elimu husema kwamba zamani za kale, hali ya hewa ilipokuwa na mvua nyingi zaidi, mwitu ulienea mahali pengi ambapo leo ni nchi kavu. Kisha ukapungua, ukabaki juu ya milima kama visiwa baharini, na viumbe wake wakabaki juu ya visiwa hivyo, kila kundi peke yake, bila habari za wenziwe.

Neno juu ya jina la ushonaji

Huenda msomaji akakuta katika vitabu vya Kiingereza kwamba ndege huyu huitwa mshonaji. Asili ya jina hilo ni hii. Huko Bara Hindi na nchi za mashariki yake wako ndege wadogo ambao hutoboa kingo za jani kwa mdomo, hupitisha nyuzi za buibui au pamba, na kulishona jani liwe mfuko. Ndani ya mfuko huo hujenga kiota. Walioona mdomo-mrefu na ndugu yake mwenye kichwa chekundu, akaaye pia Usambara, waliwafananisha na mafundi wale, wakawatia katika ukoo mmoja. Lakini katika miaka ya 2000 wataalamu walichunguza nasaba zao kwa njia ya chembe za uhai, wakaona kwamba hawa wa kwetu si wa ukoo ule. Nasaba yao ni ya Afrika hii hii. Hivyo vitabu vingine siku hizi vimeacha kumwita mshonaji. Kufanana sura si udugu, wala watu wawili wavaao kanzu moja si lazima wawe wametoka nyumba moja.

Nyumba yake

Sasa tumefika penye kiini cha maneno yetu. Mtu akisikia kwamba ndege ni wa mwituni, hudhani kwamba hukaa katikati ya miti mikubwa, gizani, mahali pasipofika watu. Mdomo-mrefu sivyo alivyo. Yeye hupenda mahali palipovunjika.

Tueleze. Mti mkubwa wa mwitu ukizeeka, siku moja huanguka kwa upepo au kwa uzito wa mvua. Milima ile hupata mvua nyingi, karibu milimita 1,900 kwa mwaka pale Amani, na udongo ukilowa mizizi hulegea. Mti ukianguka hufungua tundu katika paa la mwitu, na jua hushuka mpaka chini. Ndipo mimea itambaayo, iliyokuwa ikingoja gizani miaka mingi, huamka. Hupanda juu ya shina lililolala, hupanda juu ya miti midogo ya kandokando, husukana na kufungana mpaka mtu hawezi kupita ila kwa panga. Sisi tukipaona hapo twasema, pameharibika, pamekuwa pori. Mdomo-mrefu akipaona husema, nyumba imekwisha jengwa.

Lakini nyumba hiyo haidumu. Miti michanga hukua, paa la mwitu hufungwa tena, jua hukosekana, mimea ile hudhoofika. Basi mwenye nyumba sharti ahame atafute tundu lingine. Kwa hiyo mwitu unaomfaa ni ule mkubwa na mzee, ambao ndani yake kila mwaka mti mmoja huanguka hapa na mwingine kule, ili kusikose mahali papya. Mwitu ukipunguzwa ukawa vipande vipande, matundu hayo huwa machache, na njia ya kutoka moja hata nyingine hukatwa na mashamba.

Na kwa kweli mwitu wa Usambara ya Mashariki umepunguzwa. Katika miaka ya 1890 Wadachi walikata mahali pengi wakapanda kahawa, nayo haikustawi. Baadaye yakaja mashamba ya chai. Wakulima nao walipanda iliki chini ya miti, wakiondoa mimea yote midogo. Kisha magogo yalikatwa kwa mashine mpaka kazi hiyo ilipokomeshwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1997 serikali iliweka Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, yenye hekta 8,380, na hilo ni jema kubwa.

Walakini angalieni jambo hili. Mdomo-mrefu, alipoona matundu ya mwitu yamepungua, aligundua mahali pengine panapofanana nayo: ukingo wa mwitu. Pembeni mwa barabara, mpakani mwa mashamba ya chai, nyuma ya nyumba za watu, jua huingia kutoka upande, na mimea itambaayo husongamana vilevile. Hapo alikuja kukaa. Wachunguzi waliomtafuta katika miaka ya 2000 walimkuta katika kingo hizo, karibu kabisa na watu. Basi kiumbe huyu, ambaye ni miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka duniani, wengine wa jamaa yake huishi mahali ambapo hakuna askari wa misitu wala kibao cha hifadhi, bali pana mwenye nyumba na panga lake.

Kichaka cha nyuma ya jiko

Hapo yatupasa kuungama jambo letu wenyewe, maana si vema kuwafundisha wengine kwa kosa la jirani wakati tunalo letu.

Nyuma ya jiko letu palikuwa na mti mkubwa ulioanguka zamani, kabla hatujahamia. Juu yake mimea ilikuwa imepanda, imefunga kila kitu, hata hatukujua tena shina liko wapi. Kila asubuhi tulisikia humo mlio uleule, ukirudiwa na kurudiwa, na watoto wetu walizoea kusema kwamba saa ya kwenda shule imelia. Hatukujua ni ndege gani. Hatukuuliza.

Mwaka mmoja tulitazamia wageni wa arusi. Tukaona haya kwa ajili ya kichaka kile. Tena palikuwa na maneno ya nyoka, na mama wa nyumba alikuwa ameona panya wakitoka humo. Basi tuliwaita vijana watatu, tukawapa mapanga na uji, na kwa siku moja kazi ikaisha. Majani yalikusanywa yakachomwa. Jioni tulitembea mahali pale tukiusifu uwanja, jinsi ulivyokuwa mweupe.

Asubuhi watoto walichelewa shule.

Wiki mbili baadaye, arusi ikiwa imepita, tulisikia hodi. Alikuwa kijana wa kijiji cha pili, aongozaye wageni katika hifadhi, na nyuma yake wazee wawili wa Ulaya, mume na mke, wenye darubini shingoni na matope mpaka magotini.

“Shikamoo, mama,” akasema. “Twaomba ruhusa tusimame nyuma ya jiko kidogo.”

“Marahaba, mwanangu. Nyuma ya jiko mna nini?”

“Yule ndege, mama. Mwaka jana nilimsikia hapo nikipita njiani. Wageni hawa wamekuja kwa ajili yake. Tumezunguka siku tatu, hatukumpata.”

Tulikwenda nao. Kijana akafika kwenye kona ya jiko, akasimama. Alitazama uwanja ule mweupe, akatazama majivu. Hakusema neno la lawama, maana alilelewa vizuri. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kana kwamba yupo matangani: “Mama, kile kichaka kilikuwa hapa?”

Tulijibu kwamba kilikuwa hapa.

Yule mzee wa Ulaya alimwuliza jambo, kijana akamweleza kwa lugha yao. Mzee yule hakukasirika. Alivua kofia, akakaa juu ya kisiki, akangoja kama nusu saa, labda kwa matumaini, labda kwa kuchoka. Hakikulia kitu. Mkewe alitushika mikono alipoaga. Nasi usiku ule tulikaa jikoni tukisema machache. Kilichotuumiza si kwamba tulifyeka, mtu hufyeka. Kilichotuumiza ni kwamba miaka sita tulikuwa na mgeni aliye adimu kuliko dhahabu, aliyetuamsha kila siku, na hatukupata kumwuliza jina lake mpaka tulipomvunjia nyumba.

Mzee mmoja jirani yetu, aliyesikia habari hiyo, alitufariji kwa namna yake. Alisema: “Wanangu, panga halina macho, macho anayo ashikaye panga. Mimea ile haina kinyongo. Iacheni, itarudi.”

Tuliiacha. Tuliweka vigingi vinne, tukawaambia watoto na wageni kwamba ndani ya vigingi hivyo hapafyekwi. Mwaka wa kwanza palikuwa na majani tu. Mwaka wa pili mimea ilianza kupanda juu ya kile kisiki alichokalia mzee. Mwaka wa nne, asubuhi moja ya mvua, mtoto wetu mdogo, ambaye alikuwa hajazaliwa siku ile ya mapanga, aliingia akauliza ni kitu gani kinacholia nyuma ya jiko bila kuchoka. Tulitoka sote bila viatu. Kama ni yule wa kwanza aliyerejea, au mwanawe, au mwingine aliyefukuzwa kwake na mapanga ya watu wengine, hatuwezi kusema. Tulisimama kwenye mvua mpaka uji ukaungua.

Tufanyeje?

Hatusemi kwamba watu waache kufyeka. Mkulima anayo haki ya kuogopa nyoka mlangoni, na nguruwe-mwitu katika mihogo, na nyani katika mahindi. Mtoto akiumwa na nyoka, hakuna ndege atakayemtuliza mamaye. Basi mbele ya mlango na pafyekwe, na njia ya kwenda kisimani iwe wazi, na shamba lipaliliwe.

Lakini katika kila eneo kuna ukanda usiomfaa mtu kitu: kando ya mwitu, ukingoni mwa kijito, penye mteremko ambapo jembe halishiki. Hapo twafyeka kwa sababu moja tu, nayo ni mazoea ya kuona kwamba palipo na mimea mingi pamechafuka. Chama cha Nature Tanzania kimefanya kazi na wakulima wa Amani ili vichaka vya namna hiyo viachwe, nalo ni jambo lisilogharimu shilingi. Tena lina faida kwa mwenye shamba mwenyewe, kwa kuwa mimea hiyo hushika udongo wakati wa masika, na wadudu walao mazao hupata adui zao humo.

Kwa wasomaji wetu wasiokaa Usambara, msidhani kwamba habari hizi haziwahusu. Kila mahali yupo kiumbe aliyejiegemeza kwa watu bila wao kujua: popo wa darini, chura wa kisimani, ndege wa uani. Tunawasihi wazazi mfanye jambo moja mwezi huu. Kabla ya kufyeka mahali palipokaa miaka mingi bila kuguswa, nendeni hapo alfajiri, mzazi na mtoto, msimame kimya muda wa kuchemka birika moja. Sikilizeni. Ulizeni wazee jina la kila mnachokisikia. Halafu mkiona bado yafaa kufyeka, fyekeni. Lakini mtakuwa mmefyeka mkijua.

Nanyi watoto, twawapa kazi. Leteni majina ya ndege watatu wanaolia karibu na nyumba yenu, kwa lugha ya kwenu, pamoja na namna wanavyolia na saa wanayolia. Msiwapige kwa manati ili kuwatazama. Aliyekaa chini ya kiota akihesabu alijua mengi kuliko aliyepiga. Majina hayo tutayachapa hapa, kila mtoto kwa jina la kijiji chake.

Mwezi ujao, mkiwa wazima, tutasimulia habari za kinyonga mwenye pembe. Kwaherini.